Kijana Asiye na Makazi: Ufundi Peke Yake Hautoshi, Anahitaji na Mtu wa Kumsimamia



Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhaanahu wa Taala), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), aliyekua yatima akapewa makazi. Ama baad:

Ndugu zetu wa Unguja, Pemba na visiwa vya jirani, kila Ramadhani inapokaribia swali hili hurudi misikitini na majumbani: vijana wanaolala barazani, sokoni na bandarini tuwafanyie nini? Wengi wetu huwapa sarafu, futari na nguo kuukuu. Hayo ni mema, na mwenye kuyafanya ana ujira wake inshaAllah. Lakini Shawwal inapoingia, kijana yule yule yupo barazani pale pale. Makala haya yanaeleza kinachomzuia asiondoke pale, na namna familia, msikiti na fundi wa mtaa wanavyoweza kumshika mkono mpaka asimame kwa kazi yake mwenyewe.

Ni nani huyu kijana?

Tusiwaweke wote katika kapu moja. Yupo ambaye wazazi wake wameachana, baba ameoa na mama ameolewa, naye amekuwa mzigo katika nyumba zote mbili. Yupo yatima aliyepelekwa kwa ami au kwa halati, akakuta kipigo badala ya malezi. Yupo aliyevuka kutoka Pemba au Tanzania Bara kufuata kazi ya ujenzi au uvuvi, kazi ikaisha na nauli ya kurudi hana. Yupo binti aliyeletwa mjini kufanya kazi za ndani, akagombana na tajiri wake, akatolewa nje usiku na bahasha lake la nguo. Na yupo aliyeingia katika unga, familia ikachoka naye.

Tena wapo tusiowaona. Leo hulala kwa rafiki, kesho ndani ya chombo kilichopandishwa pwani, keshokutwa chumba cha nyuma cha duka. Huyu naye hana makazi, ijapokuwa hatumkuti amelala njiani. Na huyu ndiye mwepesi zaidi kusaidika, kwa sababu bado hajazoea maisha ya nje.

Kwa nini kazi humkimbia?

Watu husema, "Vijana hawa wavivu, hawataki kazi." Wapo wavivu, kama walivyopo wavivu wenye vitanda vyao. Lakini tumtazame yule anayetaka kazi kweli. Mbele yake ana milango mitatu iliyofungwa.

Mlango wa kwanza ni usingizi. Anayelala nje halali. Hujikunyata akilinda viatu vyake na mwili wake. Fundi anamtaka karakanani saa moja na nusu asubuhi, amekoga, nguo safi, akili imetulia. Siku ya kwanza atafika, na ya pili pia atafika. Siku ya tatu atasinzia mbele ya msumeno, na fundi ana haki ya kumrudisha, kwani msumeno haumjui aliyelala wala asiyelala. Hata akipewa vifaa vyake mwenyewe, hana pa kuviweka. Vitaibiwa au atauza apate chakula.

Mlango wa pili ni karatasi. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, akaunti ya benki, laini ya simu, nafasi katika kituo cha mafunzo, vyote hivi hutaka kijana athibitishe yeye ni nani. Na katika visiwa vyetu uthibitisho huo huanzia kwa sheha. Sheha naye huandika barua ya mtu anayemjua kuwa anakaa katika shehia yake. Sasa aliye leo Darajani na kesho Malindi, sheha gani atamwandikia? Cheti cha kuzaliwa kimebaki kwa bibi aliyefariki, au hakikutolewa kabisa.

Mlango wa tatu ndio mgumu kuliko yote, na hatuutaji kwa sababu umo ndani ya desturi zetu. Ukienda kuomba kazi hapa kwetu, swali la kwanza ni: "Wewe mtoto wa nani?" Mwenye duka hampi ufunguo asiyemjua. Fundi hamwachi mgeni peke yake na mashine. Kwa kijana mwenye ukoo, swali hili ni jepesi. Atataja baba, babu na mtaa, na mazungumzo yataendelea. Kwa kijana wa barazani, mazungumzo huishia hapo.

Ndiyo maana mafunzo peke yake hayatoshi. Waweza kumsomesha useremala, ukampa na cheti, kisha akarudi barazani nacho mfukoni, kwa kuwa hana pa kulala, hana karatasi, wala hana mtu wa kusema, "Huyu namjua mimi." Kazi ya msimamizi ni kuwa jibu la lile swali.

Mafunzo kutoka Madina

Jambo hili si geni katika dini yetu. Katika Msikiti wa Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) palikuwa na sehemu ya nyuma iliyoezekwa, ikiitwa As-Suffa. Wakikaa hapo Waislamu wasiokuwa na nyumba, mali wala jamaa Madina. Abu Hurayra (Radhiya Allahu anhu) alikuwa mmoja wao. Yeye mwenyewe amesimulia njaa waliyokuwa nayo, na hadithi zake ziko katika Sahihi ya Al-Bukhari.

Tuangalie walivyotendewa. Kwanza walipewa pa kulala, napo palikuwa ndani ya msikiti wenyewe. Pili, chakula chao kiligawiwa nyumba kwa nyumba: imepokewa kwamba Mtume aliagiza mwenye chakula cha wawili achukue mtu wa tatu, na mwenye chakula cha wanne achukue wa tano au wa sita. Yeye mwenyewe alichukua kumi, na Abu Bakr akachukua watatu. Tatu, walifundishwa. Ubada bin As-Samit (Radhiya Allahu anhu) ameeleza kuwa aliwafundisha baadhi ya watu wa Suffa Qur-aan na kuandika. Na miaka baadaye, Abu Hurayra, aliyekuwa akianguka kwa njaa, aliwekwa kuwa gavana wa Bahrain katika ukhalifa wa Umar.

Mfano mwingine ni wa Abdurrahman bin Awf. Alipohamia Madina aliunganishwa udugu na Sad bin Ar-Rabi, tajiri katika Ansari, naye akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, akataka tu aonyeshwe soko lilipo. Akaanza kuuza jibini kavu na samli, na Allah akamfungulia. Udugu ule ulimpa pa kufikia na mtu wa kumwonyesha njia, na mikono yake ikafanya iliyobaki.

Katika Sunan Abi Daawud imepokewa kisa cha mtu wa Ansari aliyekuja kuomba. Mtume alimuuliza nyumbani kwake kuna nini. Akaleta vitu viwili, kitambaa cha kutandika na chombo cha kunywea. Mtume akavinadi mbele ya Masahaba, vikauzwa kwa dirham mbili. Akamwamuru moja anunue chakula cha watu wake na nyingine anunue shoka. Shoka lilipoletwa, Mtume alilitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamtuma akakate kuni na kuuza, na akamtaka asimwone kwa siku 15. Mtu yule alirudi na dirham kumi.

Wapo wanazuoni walioizungumzia isnadi ya kisa hiki. Ama maana yake inaungwa mkono na hadithi sahihi iliyomo katika Al-Bukhari, kuwa kubeba kuni mgongoni na kuziuza ni bora kwa mtu kuliko kuomba watu. Na tukikitazama kwa makini, tunaona mpango kamili: aliulizwa ana nini, njaa ilishughulikiwa kwanza, kikaja kifaa, kikaja kitu chenye soko, ikawekwa muda, na mwisho akarudi kutoa habari. Sisi mara nyingi tunaishia katika dirham ya chakula.

Hatua nne za kumsaidia

*1. Pa kulala, kabla ya kila kitu.* Ikiwa ana umri chini ya miaka 18, Sheria ya Mtoto ya Zanzibar Namba 6 ya mwaka 2011 inamhesabu kuwa mtoto. Usimchukue kimya kimya ukamweka kwako, hata kwa nia njema. Mpeleke kwa sheha na kwa afisa wa ustawi wa jamii, watafute jamaa zake, na ikishindikana wao ndio wenye kuamua alelewe wapi. Namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bila malipo. Mara nyingi yupo shangazi au mjomba ambaye angempokea lau angeletewa na watu wazima wenye kuheshimika, mambo yakasuluhishwa. Aliyetimia miaka 18 anaweza kutafutiwa chumba na familia tatu au nne zikachangia kodi ya miezi sita. Na aliye katika unga aanzie kwenye matibabu na soba hausi; kumpeleka kwa fundi kabla hajapata nafuu ni kumwonea yeye na fundi.

*2. Karatasi.* Fuatana naye mwenyewe kwa sheha anapohamia, mjulishane, kisha mwanze na cheti cha kuzaliwa katika ofisi ya usajili. Kazi hii ina safari nyingi na kusubiri kwingi. Kijana akienda peke yake hukata tamaa safari ya pili, akienda na mtu mzima humaliza.

*3. Ufundi wenye soko.* Usimchagulie wewe. Muulize amewahi kushika kazi gani. Huenda alishapaka rangi, alishavua, au anajua kufungua mashine ya boti. Kisha tazameni kinachohitajika visiwani: umeme wa majumbani, ufundi bomba, majokofu na viyoyozi, uchomeleaji, useremala, ushonaji, mashine za boti, upishi. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina vituo vyake Unguja na Pemba, vikiwemo vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, na upo pia utaratibu wa uanagenzi ambao mwanafunzi hugawa muda wake baina ya kituo na sehemu ya kazi.

Asiyeweza kuingia kituoni anaweza kuanza kwa fundi wa mtaa. Hapa pana dhulma inayofichika. Vijana wengi hukaa kwa fundi miaka miwili wakifagia na kutumwa maji, wala hawajagusa kazi. Uislamu unataka mapatano yajulikane na mfanyakazi alipwe ujira wake bila kucheleweshwa. Basi andikeni karatasi moja mbele ya mashahidi: atajifunza nini, kwa muda gani, saa za kazi na za sala, nani anatoa nauli na chakula cha mchana, na tangu lini ataanza kulipwa kwa kazi anayoizalisha. Fundi mwema hatachukia. Karatasi hiyo inamlinda naye.

*4. Msimamizi.* Huyu ni mtu mmoja, si kamati. Kamati haimtembelei mtu akiumwa.

Msimamizi hufanya nini?

Haihitaji awe tajiri wala msomi. Mzee mstaafu, ustadh wa madrasa, mama mshonaji, fundi aliyepumzika, wote wanafaa. Kinachotakiwa ni mambo machache yanayofanywa bila kukatika.

Aonane na kijana siku moja maalumu kila wiki, na siku hiyo asiikose. Kijana huyu ameahidiwa mengi maishani mwake. Ahadi ndogo inayotimizwa humfunza kuamini kuliko zawadi kubwa ya mara moja.

Apite kwa fundi mara moja kwa mwezi, asikilize pande zote mbili. Ugomvi mdogo wa karakana, kama nyundo iliyopotea au neno lililotamkwa vibaya, humfukuzisha kijana asiye na mtetezi. Mwenye mtu wake huitiwa mtu wake, na mambo yakaisha.

Amfunze vitu ambavyo sisi tulivipata nyumbani bila kujua kuwa tunafunzwa: kuomba radhi kwa kuchelewa, kuweka akiba kidogo kila Ijumaa, kuzungumza na mteja, kukataa kazi asiyoiweza.

Asimkumbushe alikotoka. Anas bin Malik (Radhiya Allahu anhu) alimtumikia Mtume miaka kumi tangu akiwa mtoto, na ameeleza kwamba hakuwahi kuambiwa hata neno la kukereka, wala kuulizwa kwa nini umefanya hivi au hukufanya vile. Kijana wa barazani ameshakaripiwa vya kutosha.

Na avumilie kuanguka. Wengi wataacha kazi mara moja au mbili na kurudi barazani. Msimamizi amfuate, amuulize kilichotokea, waanze tena. Mwaka mmoja ni muda mdogo. Miwili ni bora.

Tahadhari ya lazima

Mlango huu wa kheri huweza kuingiliwa na watu wabaya. Udhalilishaji wa watoto umeumiza nyumba nyingi visiwani, na mtoto asiye na wa kumtetea ndiye anayewindwa. Kwa hiyo binti asimamiwe na mwanamke, wala haijuzu kwa mwanamume asiye maharimu wake kukaa naye faragha. Hata kwa mvulana, makutano yafanyike mahali pa wazi: msikitini baada ya Alasiri, barazani, karakanani. Uongozi wa msikiti na sheha wajue nani anamsimamia nani. Ikitokea shaka yoyote, usisuluhishe kimya kimya kwa kuogopa aibu. Mpeleke mtoto katika Kituo cha Mkono kwa Mkono na utoe taarifa polisi. Kuficha jambo hili si sitara.

Maswali ya Zaka

*Je, kijana mwenye nguvu anafaa kupewa Zaka?* Imekuja katika hadithi kwamba Zaka haina fungu la tajiri wala la mwenye nguvu anayeweza kuchuma. Lakini wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wameeleza kwamba nguvu za mwili peke yake si kipimo. Asiyepata wa kumwajiri, akawa hana kinachomtosha, ni halali kwake Zaka. Yeye yumo katika mafukara na masikini waliotajwa katika aya ya 60 ya Surat At-Tawba.

*Je, anunuliwe vifaa vya kazi kwa Zaka?* Ndiyo. Imam An-Nawawi (Rahimahu Allah) ameeleza katika Al-Majmu kwamba mwenye ufundi hupewa cha kununulia zana za ufundi wake, thamani yake iwe ndogo au kubwa, kiasi cha kumletea faida ya kumtosha. Mfanyabiashara hupewa mtaji kwa kadiri ya biashara yake, muuza mboga kwa kadiri yake na muuza vito kwa kadiri yake. Basi cherehani, seti ya spana au mashine ya kuchomelea ni katika hayo. Njia salama ni apewe fedha ziwe milki yake, kisha akuwakilishe wewe au fundi wake kwenda kununua pamoja naye. Ada ya mafunzo nayo ifanywe kwa mpango huo huo.

*Je, Zaka ijenge karakana au bweni?* Wengi katika wanazuoni wanashurutisha Zaka imilikishwe mwenye kustahiki, na jengo halimilikiwi na yeyote kati yao. Kwa hiyo majengo yatafutiwe sadaka na wakfu. Mwenye chumba cha duka asichokihitaji anaweza kukiweka wakfu kwa ajili ya kufunzia vijana, na aandikishe katika Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ili warithi wasije wakagombania. Shuruti aliyoiweka mwenye kuwakifu huheshimiwa, basi aiandike wazi.

*Na Zakatul-Fitri?* Hiyo ni chakula, na kwa madhehebu yetu hutolewa chakula. Isichanganywe na hesabu ya vifaa.

*Je, asomeshwe kazi za hoteli?* Umeme, majokofu, useremala, upishi wa vyakula vya halali, havina ubaya kwa asili yake. Kilichokatazwa ni kazi yenyewe ya haramu, kama kumimina na kupeleka pombe. Msimamizi alizungumze hili na mwajiri kabla ya kijana kuanza, asije akatiwa katika mtihani siku ya pili.

Familia moja ianzie wapi?

Si lazima kusubiri taasisi. Nyumba nne za mtaa mmoja zinaweza kukubaliana baada ya sala ya Isha juu ya kijana mmoja. Ya kwanza itoe Zaka ya vifaa. Ya pili ichangie kodi ya chumba. Ya tatu impe sahani ya chakula cha usiku, kama walivyogawiwa watu wa Suffa. Ya nne itoe msimamizi. Mwezi wa kwanza ni wa usingizi na karatasi, wa pili aingie kwa fundi, na baada ya mwaka mkae tena kuhesabu.

Mkianza na kijana mmoja na akasimama, yeye ndiye atakayemwonyesha njia wa pili, kwani anajua kinacholala moyoni mwa mwenziwe. Na siku fundi mwingine atakapomuuliza, "Wewe mtoto wa nani?" atakuwa na la kujibu, na nyinyi mtakuwa miongoni mwa majina atakayoyataja.

Tunamuomba Allah (Subhaanahu wa Taala) awahifadhi vijana wetu, awape makazi wasiokuwa nayo, na azikubali sadaka zetu.

Wallahu aalam.